Kiapo cha Kutoona

Yalitokea haya katika nchi ambayo haipo. Msiitafute kwenye ramani, na mkiamka asubuhi mkaiona dirishani kwenu, vuteni pazia mwendelee na chai.

Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa salama. Si kwamba kilikaguliwa kikaonekana salama, la hasha. Kilitangazwa. Kulikuwa na Wizara ya Utulivu, na kila Jumatatu wizara hiyo ilisoma taarifa redioni: madaraja ni salama, maji ni salama, unga ni salama, na wananchi wenyewe, kwa ujumla wao, ni salama. Mtu akitumbukia mtoni pamoja na daraja, huyo alitumbukia kwa hiari yake, maana daraja lilikuwa salama tangu Jumatatu.

Huko watu hawakuanza maongezi kwa kuulizana hali. Hali ilijulikana, ilikuwa nzuri. Anayeingia ofisini, dukani au msibani alisema, "Mlezi adumu!" na waliomo wakaitikia, "Adumu!" Mlezi ndiye mkuu wa nchi. Watoto walifundishwa salamu hiyo kabla hawajafundishwa kuomba maji ya kunywa.

Basi aliishi humo mwanamke mmoja jina lake Nyamizi, ambaye mtaani walimwita Mama Kalunde kwa jina la bintiye wa pekee. Alikuwa fundi cherehani. Hakushona magauni, alishona riboni za kukatwa kwenye uzinduzi, na kazi haikumwishia, kwa sababu nchi ile ilizindua kila kitu. Ilizindua visima. Ilizindua mahali ambapo kisima kingechimbwa. Ilizindua mikutano ya kupanga uzinduzi. Mama Kalunde akakunja pindo, akapiga pasi, akapeleka, akamlea mtoto kwa kazi hiyo.

Siku Kalunde alipokuja na habari za chuo, mama alikuwa na sindano mdomoni.

"Mama, nimepata nafasi. Nitasomea kupima ulinzi wa mitandao."

"Ulinzi?" Mama akatoa sindano. "Ulinzi wa kushika rungu getini?"

"Wa kompyuta, mama. Za hospitali, za benki, za serikali. Zote zimeunganishwa, na wezi wanaingia kwa njia hiyo. Sisi tunafundishwa kujaribu kuingia kabla ya mwizi, halafu tunamwambia mwenye nyumba: hapa kwako pana upenyo, ziba."

"Kwa hiyo nitakuwa nalipa ada usomee kuvunja nyumba za watu."

"Wewe ukimaliza nguo si unavuta mshono kwa nguvu, kuona kama umeshika? Unavunja nguo ya mtu?"

Hilo mama alilielewa, na kulielewa ndiko kulikomtia hofu. "Na mshono ukiachia?"

"Namwambia mteja."

"Na mteja akiwa serikali?"

Kalunde akacheka. Alikuwa na umri ule ambao swali la mzazi huonekana kichekesho.

Akaanza masomo. Nyumbani alipanga mezani kompyuta kuukuu mbili, moja akaiita nyumba na nyingine akaiita mgeni. Mama alipokuwa akipiga pasi, binti alimweleza. Kila huduma inayofanya kazi ndani ya kompyuta ni kama mlango: kuna mlango wa barua, mlango wa picha, mlango wa mafundi wanaoingia kurekebisha. Mpimaji kwanza anaizunguka nyumba kujua milango iko mingapi. Halafu anatazama kila mlango una kufuli la namna gani, jipya au la zamani lililosahauliwa. Halafu ndipo anajaribu. Akiingia hagusi kitu. Anarudi nje, anaandika alichoona, anampa mwenye nyumba peke yake.

"Na yote hayo ni baada ya kupewa ruhusa," Kalunde akamalizia. "Bila ruhusa, mama, mimi ni mwizi mwenye cheti."

Mama Kalunde alilishika neno ruhusa kama mtu anavyoshika bomba la basi dereva akiwa mlevi. Tangu siku hiyo binti hakutoka nyumbani bila kuulizwa, "Una ruhusa?" Hata akienda sokoni kununua nyanya.

*

Sasa Wizara ya Utulivu ikanunua mfumo mkubwa, ikauita Boma. Humo ndimo nchi nzima iliwekwa: majina ya watu, kadi za kliniki, viwanja, maji, nani kazaliwa, nani kafa. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Mhandisi Balozi Pazi Kitojo, alisema Boma ni salama kwa asilimia mia moja na ushee. Mwandishi mmoja wa habari akauliza huo ushee ni nini. Mwandishi huyo siku hizi anafuga kuku.

Mheshimiwa akapata wazo. Siku ya uzinduzi, mwanafunzi bora wa chuo cha ufundi aitwe ajaribu kupenya Boma mbele ya taifa, ashindwe, taifa lishangilie. Chuo kikamtoa Kalunde. Ruhusa ikaja imegongwa mihuri mingi mpaka maandishi hayakuonekana. Mama Kalunde aliishika kwa mikono miwili, moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mtoto aanze chuo. Ruhusa si hiyo hapo?

"Kalunde," mwalimu wake, Mwalimu Mbega, alimwambia mlangoni mwa ukumbi, akijifuta jasho shingoni. "Jaribu kwa heshima. Unanielewa mwanangu? Kwa heshima."

"Nitajaribu kama ulivyonifundisha, mwalimu."

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Ukumbi ulijaa. Mama Kalunde alikuwa pembeni kabisa, karibu na riboni yake. Kalunde akakaa mezani jukwaani, skrini kubwa nyuma yake, redio na runinga vikirusha moja kwa moja. Mheshimiwa akashika kipaza sauti, akawa anatangaza kama mpira.

"Anazunguka, anazunguka! Anatafuta mlango! Mnamwona anavyohangaika? Boma hilo, mama! Ukuta huo! Wapi! Anarudi nyuma!"

Ngoma ikapigwa. Watu wakapiga makofi. Na kweli, kwa kitambo kizuri Kalunde alizunguka tu.

Halafu vidole vyake vikasimama.

Mama peke yake ndiye aliyeelewa. Aliujua mgongo ule. Kalunde akiwa mdogo aliwahi kukaa hivyo hivyo jikoni, kimya, amenyooka, na mama alipokwenda kutazama akakuta nyoka kajikunja chini ya mtungi. Mtoto alikuwa amemwona lakini hajapiga kelele.

Alichokiona safari hii ni mlango wa mafundi, ulioachwa ukitazama barabarani, mtu wa nchi yoyote ile anaweza kuufikia. Mlango ule uliuliza neno la siri. Kalunde akajaribu neno la kwanza ambalo mtu yeyote wa nchi ile angelijaribu, akiomba moyoni lisiwe lenyewe. Kabla hajabonyeza akachomoa waya wa skrini kubwa, watu wakadhani umeme umekatika. Akabonyeza. Mlango ukafunguka. Hakugusa kitu. Akatoka, akafunga kompyuta yake.

"Mheshimiwa, nimemaliza. Nitaandika taarifa niwape mafundi faraghani."

"Faragha ya nini?" Mheshimiwa akamgeukia, meno yote nje. "Sisi na wananchi hatuna faragha! Sema taifa lisikie. Umeshindwa, eeh?"

"Kashindwa!" ukumbi ukaitika. "Kashindwaaa!"

Sema umeshindwa, mama akaomba pale alipo, mikono imeshika riboni mpaka ikakunjamana. Sema tu, mwanangu, neno moja, twende zetu nyumbani tukapike.

"Sikushindwa, Mheshimiwa. Niliingia."

Mpiga ngoma, ambaye hakusikia vizuri, akapiga pigo moja zaidi, akaacha.

"Umeingiaje?"

"Kwa neno la siri linalojulikana na kila mtu. Libadilishwe leo hii, Mheshimiwa, tafadhali. Na ule mlango usitazame nje."

"Neno gani hilo?"

"Naomba nisiliseme hapa."

"Sema!"

Kalunde akamsogelea, akamnong'oneza sikioni. Mheshimiwa akaruka nyuma kama aliyemwagiwa chai ya moto. Akatazama kamera. Akatazama picha ya Mlezi ukutani. Mtu mwenye cheo hupata mawazo haraka anapoogopa. Akarudi kwenye kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Neno la siri la Boma ni 'Mlezi Adumu'. Na binti huyu, mbele yenu, anataka tulibadilishe! Anasema Mlezi adumu ni udhaifu!"

Hivyo ndivyo neno la siri la nchi nzima lilivyotangazwa redioni na runingani kwa kinywa cha waziri, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu hiyo. Walishtushwa na mengine.

"Mheshimiwa, ninayo ruhusa," Kalunde akasema. "Mliniruhusu wenyewe."

"Ruhusa ya kujaribu tulikupa," Mheshimiwa akajibu. "Ruhusa ya kufaulu alikupa nani?"

Wakaitafuta kwenye karatasi, muhuri kwa muhuri. Kweli haikuwemo. Askari wakamchukua Kalunde kupitia mlango wa nyuma, na riboni ikakatwa kama ilivyopangwa.

*

Msidhani nchi ile haikujali. Siku iliyofuata iliundwa Kamati ya Neno, ya wazee wenye elimu, itafute neno la siri jingine. Mama Kalunde aliwasikia kwa masikio yake, kwa kuwa alikuwa amekaa kwenye benchi la korido akisubiri kuulizia mtoto, na dirisha la kamati lilikuwa wazi.

"Tuongeze namba tu mwishoni," mmoja alisema. "Mlezi Adumu Moja."

"Moja? Kwani kuna wa pili anakuja?"

Kiti kikalia.

"Basi tuseme Mlezi Adumu Mia."

"Mia tu? Halafu baada ya hapo?"

"Tuweke alama ya mshangao."

"Unashangaa nini, mzee mwenzangu? Kwamba anadumu?"

"Alama ya kuuliza, je?"

Aliyesema hivyo alisindikizwa nje, akapita mbele ya Mama Kalunde akiwa amevaa kiatu kimoja. Waliobaki wakakubaliana kwamba neno haliwezi kubadilishwa. Kwa kuwa haliwezi kubadilishwa, si udhaifu. Kwa kuwa si udhaifu, yule binti hakuona kitu. Na kwa kuwa hakuona kitu, jambo lenyewe ni jepesi: aape tu.

Habari hiyo mama alipewa na Bi Havijawa, katibu wa wizara, mwanamke wa sauti ya taratibu na mikono laini, aliyemwingiza ofisini akamkalisha kwenye kochi na kummiminia chai mwenyewe. Upole wake ulimtisha Mama Kalunde kuliko askari wote wa getini.

"Mlezi adumu, mama."

"Adumu."

"Kunywa chai, dada yangu. Sisi hatumwonei mtu. Mwanao hana tatizo, ana macho makali tu. Macho makali yana dawa. Unakijua Kiapo cha Kutoona?"

Nani asiyekijua? Kilikuwa desturi ya zamani pale. Mhandisi aliyeona ufa kwenye bwawa alikula kiapo hicho, na ufa ukaandikwa kuwa ni mchoro. Daktari aliyeona kipindupindu alikula kiapo, na wagonjwa wakazikwa kama waliokufa kwa ugonjwa wa tumbo wa kawaida. Mtu alifungwa kitambaa machoni mbele ya kipaza sauti, akasema "Sikuona", kikafunguliwa, akapewa cheo.

"Na asipokula?" mama aliuliza.

Bi Havijawa akakoroga chai yake. "Mama, wewe una mtoto mmoja, au sio?"

Akamwongezea chai.

Wakamruhusu kumwona Kalunde mchana ule, katika chumba chenye meza na wavu katikati. Binti alikuwa amekonda uso, lakini akili ilikuwa palepale.

"Nimeambiwa kuhusu kiapo, mama. Siwezi."

"Huwezi nini? Ni neno moja. Hata usingizini unalisema."

"Mle ndani kuna majina ya watu. Kuna kadi za wagonjwa. Yule mwizi wa kweli haombi ruhusa, na neno ameshatangaziwa redioni. Nikiapa kwamba hapana mlango, nani atauziba? Mlango usiokuwepo hauzibwi."

"Mwizi ataingia siku atakayoingia! Wewe siku hiyo utakuwa nyumbani kwako unakula."

"Mama..."

"Kalunde, mimi sijasoma. Darasa la saba nilimaliza kwa shida, hayo mambo yenu siyajui. Najua kitu kimoja. Serikali ikisema hukuona, hukuona. Wahandisi walisema hawakuona, madaktari walisema hawakuona, wana magari na wajukuu. Wewe ni nani uone?"

Ndipo Mama Kalunde akafanya jambo ambalo kwao mzazi hamfanyii mtoto. Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, viganja vimeshika wavu.

"Nakuomba."

"Simama, mama." Kalunde akageuza uso ukutani. "Mama, simama, watu wanatazama. Simama bwana! Basi. Nitaapa."

Kitambaa cha macho wizara iliagiza kwa fundi wake wa siku zote. Mama Kalunde alikishona kwa mkono, si kwa mashine, akaweka bitana laini ndani ili kisimchome mtoto kope. Ilikuwa kazi safi. Watu walikisifu.

*

Kalunde akaapa. Sauti yake ilisikika nchi nzima: "Sikuona." Kitambaa kikafunguliwa, akateuliwa papo hapo kuwa Mthibitishaji Mkuu wa Boma, mwenye ofisi na kiti kinachozunguka. Kazi yake ikawa kusema kila Jumatatu kwamba Boma ni salama. Mtaani walimshangilia Mama Kalunde, wakamwita mama mwenye busara. Akapika, akala, akalala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Lakini binti hakuwa tena yule wa zamani. Jioni alirudi akakaa bila kubadilisha nguo. Zile kompyuta mbili za mezani alizifunika shuka. Siku moja mama alimwuliza kama kazini kwema.

"Kwema. Nimekwenda tena kwa wale mafundi, nikawaambia pembeni, bila kutaja mlango wala neno, kwamba labda wangeweza kupanga samani upya upande ule. Wakaniambia mkubwa wao ameapa hakuna kitu upande ule. Nikauliza mkubwa wao nani. Wakasema ni mimi."

Mama hakucheka. Jumatatu zikaenda, kila moja salama kuliko iliyotangulia.

Halafu ikaja asubuhi ambayo nchi iliamka haina majina.

Mwizi aliingia kwa mlango wa mafundi, akasema neno ambalo kila mtoto wa nchi ile anaanza nalo siku, akachukua kila kilichokuwemo na kukificha kwake, akadai fidia ili akirudishe. Kliniki ziliwatazama wagonjwa kwenye kompyuta na kuona weupe mtupu. Maiti walikataliwa makaburini kwa kuwa hakuna aliyeonekana kuwahi kuzaliwa. Mwanamke aliyejifungua alipewa mtoto mwenye ngozi ya kufanana naye, kwa kukadiria. Mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Kalunde alikwenda kuchukua dawa ya kisukari, akaambiwa mtu wa namna yake hayupo. Alirudi nyumbani kwa miguu, akakaa kibarazani, na kufikia Ijumaa neno lile likawa kweli.

Wizara ikatangaza utulivu. Kisha ikatafuta mtu.

Askari walikuja wakati mama anaweka chakula mezani. Safari hii hawakuwa na haraka, walivua viatu mlangoni kwa adabu.

"Mthibitishaji Mkuu, Mheshimiwa anakuuliza: kama mlango ulikuwa wazi, mbona hukusema?"

"Alisema!" Mama Kalunde akasimama mbele ya binti, amenyoosha mikono, mwiko mkononi. "Alisema ukumbini! Nchi nzima ilisikia! Nilikuwepo!"

Bi Havijawa alikuwa nyuma ya askari, na khanga begani kama aliyekuja msibani. "Ni kweli alisema, dada yangu. Lakini alilifuta mwenyewe kwa kiapo. Tulimwuliza mbele ya taifa zima: umeona? Akasema hakuona. Sasa sisi tungejuaje?"

"Ninyi ndio mlio..."

"Sisi hatukupiga magoti, mama," Bi Havijawa akasema kwa upole.

Mwiko ukamponyoka. Kalunde akauokota, akauweka mezani, akamfuta mama mkono uliochuruzika mchuzi. Kisha akavaa viatu akatoka nao.

*

Kosa la kwanza, lile la kuona, lilikuwa na dawa. La pili, la kutoona, adhabu yake ilikuwa gereza, na hakuna kiapo cha kulifuta. Mama Kalunde alipewa ruhusa ya kumwona mara moja moja, na kila mara alisafiri na vyakula ambavyo askari walivionja mpaka vikaisha.

Siku moja Kalunde aliuliza kupitia wavu, "Wamelibadilisha?"

"Wamelibadilisha. Mlezi mwenyewe alichagua jipya."

"Afadhali. Walifanyaje?"

"Walilizindua."

"Walizindua nini?"

"Neno. Kulikuwa na ngoma. Mheshimiwa akavuta pazia, likawa limeandikwa ukutani kwa herufi za dhahabu. Sasa kuna wimbo wake redioni. Watoto wanauimba shuleni."

Kalunde akamtazama. Halafu akacheka, kicheko kile cha zamani cha enzi za chuo, akacheka mpaka askari akagonga wavu kwa rungu. Kikakatika ghafla.

"Basi wataingia tena, mama."

"Najua."

"Nani anathibitisha siku hizi?"

"Mwasiti. Yule mliyekuwa naye darasani. Kateuliwa, ameapishwa jana. Leo mama yake anafanya sherehe."

"Mwasiti ana jicho kunishinda mimi." Kalunde akaukaribia wavu mpaka pua ikagusa. "Mama, hawezi kuwa hajauona ule mlango."

Muda wa kuonana ulikuwa bado haujaisha. Mama Kalunde alitamani kila punje yake. Alikuwa ameungoja tangu mvua zilizopita. Akasimama, akajifunga khanga kiunoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kaa salama mwanangu. Nisamehe, nina safari."

Alifika nyumbani kwa Mama Mwasiti jua likiwa juu, vumbi limempanda mpaka magotini. Turubai lilikuwa limefungwa uani, muziki unapigwa, wanawake wamevaa sare. Mwasiti alikuwa amekaa kwenye kiti cha mapambo, maua shingoni, sahani ya pilau mapajani ambayo hajaigusa.

"Jamani, Mama Kalunde!" Mama Mwasiti akaja amefungua mikono, jasho na furaha. "Karibu, shoga yangu, karibu. Mleteeni kiti! Pole na matatizo, lakini leo tule tu, tucheke."

"Mwambie mtoto aseme mlango uko wazi."

"Nini?"

"Aseme leo, kabla ya Jumatatu. Aseme mbele za watu, watu ndio hawa hapa." Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. Mtu akazima muziki. "Watamchukua, ndiyo. Wa kwangu walimchukua kwa kusema, na nilikuwa na la kuwajibu getini kwao. Nikamwomba anyamaze. Wakamchukua kwa kunyamaza, na sasa sina jibu. Sina jibu, mama Mwasiti."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Mama Mwasiti aliangaza macho kuona nani yupo na nani anasikia, kisha akasimama kati ya mgeni na kiti cha mapambo, amenyoosha mikono kabisa, na tabasamu bado liko usoni kwa kusahauliwa.

"Wangu hajaona kitu," akasema. "Si ndiyo, Mwasiti? Hujaona kitu. Waambie."

Mwasiti alitazama sahani yake.

"Waambie, mwanangu!"

Mama Kalunde akavua viatu, akaviweka pembeni, akaketi chini katikati ya mkeka, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefika kwake.

"Wewe usimjibie," akasema. "Mimi nilimjibia wangu. Nileteeni hicho chakula, nitakula, lakini sitoki hapa mpaka mtoto aseme kwa kinywa chake."

Hakuna aliyeleta sahani. Hakuna aliyemwondoa. Wanawake wenye sare walisogea mmoja mmoja, wakaacha njia wazi kutoka mkekani mpaka kwenye kiti, na Mwasiti, taratibu, akaanza kuvua maua shingoni.